Sakafu ya Mzee Nchagwa

Mzee Nchagwa alikuwa amekaa chini, mgongo ameuegemeza kitandani na miguu ameinyoosha mbele kama mtoto anayesubiri uji, akijifanya kwamba ameamua mwenyewe kukaa pale. Mlango wa chumba chake ulikuwa nusu wazi. Upande wa pili wa mlango, sebuleni, alisimama Mokami, mke wa mwanawe Godwin, ufagio mkononi na macho kwenye kalenda ya ukutani. Mwanamke wa Kikurya aliyelelewa vizuri haingii chumbani kwa baba mkwe wake, wala hamkodolei macho akiwa ameanguka. Kumshika ndiko kabisa, hata mawazoni hakumo.

"Baba, umeanguka?"

"Nani ameanguka? Nimekaa."

"Umekaa tangu saa ngapi?"

"Sakafu ina baridi nzuri leo."

Mokami aliisoma kalenda mpaka mwezi wa Desemba. Chumbani kitanda kililia kidogo, pumzi ikavutwa kwa nguvu, kisha kitako kikarudi chini kilipotoka.

"Nimwite Heche?"

"Usimwite Heche. Juzi alininyanyua kama gunia la mihogo, halafu akaenda kusimulia habari zangu kilabuni."

"Sasa nimwite nani, baba?"

Mzee alifikiri. Godwin alikuwa kazini Robanda, kwenye kambi ya watalii. Wajukuu walikuwa shuleni. Wanaume wa kijiji cha Kewanja saa hizo walikuwa wametawanyika, huyu mashimoni kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu, huyu shambani, huyu hajulikani hata na mkewe. Tatizo lenyewe lilikuwa dogo na la kuudhi: tangu avunjike nyonga na kuungwa, mzee aliweza kutembea na fimbo yake mpaka zizini na kurudi, mradi awe ameshasimama. Kusimama ndiko kulikomshinda.

"Mwite Heche," alisema.

Heche, jirani yao wa ng'ambo ya ua, alikuja mbio, akamnyanyua mzee kwa kelele nyingi kuliko uzito, akasifu chakula cha Mokami kwa jinsi baba mkwe alivyonenepa, akakaa kunywa chai. Kabla jua halijafika utosini habari zilikuwa zimefika Mugumu.

"Wifi," Winfrida alisema kwenye simu, "Jumamosi nakuja kumchukua baba."

Winfrida ni binti wa mzee, anauza vitenge sokoni Mugumu, na akisema anakuja, anakuja.

"Wifi, hapa hana shida," Mokami alisema.

"Hana shida na anakaa sakafuni kama ndoo? Sikulaumu wewe. Wewe huwezi kumshika, najua. Huku mimi ni mtoto wake, nitamnyanyua. Na hospitali iko karibu."

Hakumlaumu, lakini Mokami alilaumika. Aliona tayari midomo ya kijiji ikisema mke wa Godwin ameshindwa mzee mmoja. Na zaidi ya midomo ya watu, alimpenda yule mzee. Alimpenda kwa mbali, kwa sahani iliyowekwa mezani na kuondolewa, kwa kikohozi anachokohoa mzee kabla ya kuingia mahali ili yeye apishe. Angekwenda Mugumu, kwenye vyumba viwili nyuma ya soko, angekuwa wa kutazama pikipiki. Mzee mwenyewe alipoambiwa aliuliza jambo moja tu.

"Na ng'ombe?"



*

Dawa ilitoka kwa Godwin. Alipigiwa simu wakati wageni wake wako porini wanatazama simba, kwa hiyo alikuwa na nafasi ya kuwa mwana.

"Kule kwenye mahema yetu tuna bomba pembeni ya kitanda," alisema. "Limepinda juu kama mpini wa mwavuli, chini lina sahani ya chuma, limefungwa na bolti sakafuni. Anakuja bibi wa Kizungu, mzee kuliko baba, anashika, anasimama, anakwenda zake. Nakutumia picha. Mtafute Obura."

"Kwa nini lisifungwe ukutani?"

"Ukuta upi? Wa baba?"

Mokami akaelewa. Ukuta wa baba ulikuwa wa tofali na udongo, umepakwa chokaa kwa ajili ya heshima. Fedha yote ya nyumba ile ilikuwa imelala chini.

Na hapo ndipo msomaji anapaswa kuambiwa kuhusu sakafu. Katika ujana wake mzee Nchagwa alifanya kibarua cha kumwaga zege kwenye misingi ya mitambo mgodini, akarudi nyumbani akiamini kwamba zege lolote lisiloweza kubeba lori ni uji. Alipojenga, aliokota mawe meusi mlimani, akayaponda mwenyewe, akalaza nondo, akachanganya simenti bila huruma, chumbani na sebuleni, kana kwamba angeegesha lori kati ya kitanda na kabati. Mgeni yeyote aliyekuja alipewa kwanza kiti, kisha nyundo. "Piga," mzee alisema. Mgeni akapiga, nyundo ikaruka, mzee akacheka. Kijiji kizima kilikuwa kimeshaipiga sakafu ile na hakuna aliyewahi kuacha alama.

Obura alikuja Alhamisi na pikipiki, drili mgongoni, bomba limefungwa ubavuni. Ni fundi Mjaluo wa upande wa Sirari, ana mama Kenya na mke Tanzania, na Kiswahili chake kinavuka mpaka bila kuonyesha kitambulisho.

"Hii ni kazi kidogo sana, mama," alimwambia Mokami. "Mashimo manne, bolti nne, mimi huyo naenda. Chai hata haitakuwa imechemka."

"Shikamoo mzee," alisema akiingia chumbani.

"Marahaba. Fundi, unaijua hii ni sakafu ya nani?"

"Naambiwa ni yako."

"Basi mimi nimeshakuambia."

Obura alianza na ukuta, kwa kuwa hakumwamini Godwin. Tofali likatoka zima kama jino la mtoto, akalirudisha taratibu akiwa hamtazami mtu. Akapiga magoti pembeni ya kitanda, akaweka biti, chuma cha kutobolea, kwenye alama ya chaki, akawasha. Drili ililia. Nyumba ililia nayo. Kuku wote waliondoka uani. Pakatoka harufu ya chuma kilichoungua, na Obura alipoinua mashine, ncha ya biti ilikuwa imepinduka kama ulimi wa mtu anayekejeli, na pale sakafuni pana doa jeupe tu.

"Nilikwambia!" Mzee Nchagwa alipiga paja. "Nilikwambia, mura! Hilo ni zege la mgodini!"

Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akakumbuka bomba lile lilikuwa la nani, akanyamaza.

*

Siku ya Ijumaa Obura alirudi na drili ya kuazima, nene kama paja la mbuzi, ile inayozunguka huku inagonga. Ilikula umeme mpaka mita ikaanza kupiga kelele, Mokami akamwomba Godwin atume hela ya umeme mwingine. Obura alikuwa akichimba kidogo, anachovya biti kwenye kikombe cha maji ipoe, anachimba tena. Kikombe alikishika mzee mwenyewe, amekaa kitandani, uso umemkaa kama wa mtu anayesaidia kumfanyia upasuaji mtoto wake.

"Polepole basi," alisema.

"Mzee, unataka nitoboe ama nisitoboe?"

"Toboa. Lakini polepole."

Shimo la kwanza lilikutana na jiwe jeusi. La pili lilikutana na nondo. La tatu na la nne yalikuwa vidimbwi tu, ungeweza kuweka punje ya hindi katika kila kimoja na isizame. Tope la kijivu lilijaa sakafuni. Obura alilifuta kwa matambara, akayapitisha mlangoni pamoja na vumbi, na Mokami akayapokea upande wake akaenda kuyafua uani.

Hapo ndipo kosa lilipofanyika, na ni kosa ambalo lisingefanyika Mugumu wala Musoma. Lingefanyika Kewanja tu. Mokami alikuwa ameinama juu ya karai. Tope la zege ni zito, linaganda chini, kwa hiyo alilizungusha karai ili lilegee, akamwaga maji kidogo, akalizungusha tena, akainama kuangalia kama limeisha. Mawe meusi ya mlima ule yana vichembe vinavyong'aa, na jua lilikuwa kali. Philomena, muuza maandazi, alikuwa anapita na beseni lake kichwani. Alimwona mwanamke anayezungusha karai lenye tope linalometa, na nyuma yake, ndani ya nyumba, mashine inachimba siku ya pili. Philomena ameolewa na mchimbaji, amezaa wachimbaji, na mchanga wa dhahabu huoshwa hivyo hivyo. Hakuwaza usafi.

"Mokami, hujambo mwenzangu."

"Sijambo, dada."

"Mnachimba?"

"Tunahangaika tu. Gumu kweli. Mungu akijalia kesho tutatoboa."

"Amina," alisema Philomena, na hakuuza andazi lolote tena mchana ule. Alikuwa na kitu kingine cha kusambaza.

Alasiri Obura alikusanya vifaa vyake. Hakuwa na utani tena.

"Mama, nitakuja kesho asubuhi nijaribu mara ya mwisho. Lakini nikuambie ukweli. Hiyo si sakafu, hiyo ni mlima umelala."

Alipoondoka, Mokami alileta kigoda akakaa sebuleni, karibu na mlango wa chumba, uso ameuelekeza kwenye kalenda yake.

"Baba, wifi anafika kesho."

"Najua."

"Mimi sitaki uende."

Hakuwahi kumwambia baba mkwe wake neno la namna hiyo, tangu aolewe. Lilimtoka, likakaa kati yao mlangoni, na wote wawili wakaona aibu. Mokami aliishika ncha ya kanga yake akaipinda.

Mzee alikohoa. Akakohoa tena, ingawa hakuwa na kikohozi.

"Mokami."

"Naam, baba."

"Upande wa dirisha."

"Kuna nini upande wa dirisha?"

"Siku ile simenti iliisha. Mama yake Godwin, Mungu amlaze pema, akaniambia ningoje gulio tununue nyingine. Sikungoja. Watu walikuwa wamekuja kunitazama. Nikamalizia na iliyobaki, nikaongeza mchanga. Nondo hazikufika, na mawe sikuweka yale. Pale ni zege la kawaida."

"La kawaida vipi?"

"La kawaida. Kama la kwa Heche."

Alisema kwa sauti ya mtu anayekiri wizi wa ng'ombe. Mokami aliuma midomo yake, maana kicheko na machozi vilikuja pamoja na hakujua kipi akiachie njia.

"Baba, tangu jana tunavunja biti za watu."

"Najua."

"Na ulikuwa unatuangalia."

"Najua, mama. Lakini usimwambie Heche."

*

Jumamosi asubuhi ikahitajika mikono ya kuhamisha kitanda hadi dirishani, kitanda cha mninga chenye uzito wa kesi ya mauaji. Haikuwa lazima kumwita mtu. Heche alikuwa tayari uani, na chini ya kwapa lake alikuwa na gunia tupu, ambalo alisema ameliokota tu njiani. Nyuma yake alikuwepo Philomena na nduguze. Nyuma yao vijana wa mashimoni, sururu mabegani, wamekaa juu ya ukingo wa zizi kwa adabu kubwa. Mwenyekiti wa kitongoji, Filemoni, alifika akiwa amevaa koti.

"Mama," alimwambia Mokami akiwa amemvuta pembeni, "mimi siwezi kuwa mbaya wako. Lakini mnachimba ndani ya nyumba ya kuishi, na kibali sijakiona."

"Kibali cha bomba?"

"Mnaliita bomba?" Filemoni alitabasamu kwa heshima. "Sawa. Bomba. Litoke na fungu dogo la kijiji."

Mokami alimtazama, akawatazama watu wote wale, akamtazama Heche na gunia lake. Hakuelewa, na hakuwa na muda wa kuelewa, kwani basi la Winfrida lilikuwa limeshaondoka Mugumu.

Heche na Obura walihamisha kitanda, Heche akapewa shukrani na kutolewa nje akiwa anageuza shingo. Obura akapiga magoti chini ya dirisha. Akaweka biti, akawasha, akaegemea kwa uzito wote aliouzoea kwa sakafu ile. Nusura aende nayo. Biti ilizama kama kijiko kwenye ugali, na vumbi laini, la kawaida, la watu wote, likamwagika kuzunguka shimo.

"Tumetoboa!" Obura alipiga kelele. "Mzee! Tumetoboa!"

Sasa siku hizi, mtu akisema ametoboa, hakuna anayefikiria tundu. Aliyetoboa ni yule ambaye maisha yamemfungukia, anayejenga ghorofa na kubadilisha namba ya simu. Uani watu walisimama wote kwa pamoja. Ukingo wa zizi ukatikisika. Walikuja barazani, wakaingia sebuleni, Filemoni mbele kwa sababu ya koti, na wote wakaelekea mlango wa chumba.

Mokami alikuwa amesimama hapo. Aliulaza ufagio kukinga mlango, kutoka mwimo hadi mwimo.

"Mnaenda wapi?"

"Kuona tu," alisema Philomena.

"Hicho ni chumba cha kulala cha baba mkwe wangu. Mimi mwenyewe ninayempikia siingii. Nyie mtaingia?"

Ufagio wa chelewa haumzuii mtu, lakini lile jambo lilimzuia kila mtu. Waliokuwa mbele walirudi nyuma, waliokuwa nyuma wakakanyagwa. Vijana wa sururu walitazama chini. Sebule ikawa imejaa watu waliosimama kimya, na ua umejaa, na hata njiani wengine walikuwa wamesimama wakiwauliza waliotangulia kuna nini.

Winfrida alifika na bodaboda kutoka kituo cha basi wakati huo huo. Kwa mbali aliona nyumba ya baba yake imezungukwa na watu. Aliwaona wanawake wamejifunga kanga, wanaume wamesimama bila kusema, mwenyekiti amevaa koti Jumamosi. Mtu akikuta mji wa mzazi wake katika hali hiyo haulizi swali. Aliruka pikipiki ikiwa bado inakwenda.

"Tata wee! Baba wee! Umeondoka bila kuningoja!"

Philomena, ambaye hajawahi kumwacha mtu alie peke yake, alidakia. Wa tatu akadakia. Uani kilio kikapanda, watu wakavua kofia, na Heche, aliyekuwa ametoka chumbani kwa marehemu muda si mrefu, alilia kuliko wote kwa sababu ya mshtuko.

Chumbani Obura alikuwa anakaza bolti ya nne. Mzee Nchagwa, amekaa kitandani kando ya bomba jipya, aliinua kichwa.

"Nani amekufa?"

Obura alisikiliza.

"Mzee, nadhani ni wewe."

"Huyo ni Winfrida."

"Ndiyo yeye anakulilia."

Mzee alisikiliza sauti ya mtoto wake. Hakuwa ameisikia ile sauti tangu siku walipomzika mama yake. Hakumngoja Obura aseme kama bolti imekaza. Alilishika bomba kwa mikono miwili, akavuta. Bomba halikucheza. Nyonga ilimuuma, akaikaripia kwa Kikurya, akavuta tena, na magoti yakanyooka, na mgongo ukafuata, na dirisha ambalo kwa miezi alikuwa analitazama kutoka chini likawa sawasawa na macho yake. Akaliona zizi. Akawahesabu ng'ombe wake haraka haraka, wakatimia.

"Nipe fimbo," alisema.

Mokami alisikia fimbo ikigonga sakafu, na kikohozi kile cha kuomba njia. Aliondoa ufagio, akageukia kalenda yake. Mzee akapita nyuma yake, akapita katikati ya majirani waliokauka, akatoka barazani.

"Winfrida. Unamlilia nani?"

Kilio kilikatika kama kilivyoanza, isipokuwa cha Heche kilichochelewa kidogo. Winfrida alikuwa amepiga magoti kwenye vumbi, kitambaa kimemvuka kichwani. Alimtazama baba yake kuanzia miguuni hadi juu. Akatazama kushoto na kulia kwake, akitafuta mkono uliomshika.

"Tata," alisema. "Nani amekuinua?"

Mzee Nchagwa alitaka kujibu kwa majivuno, watu walikuwa wengi na nafasi ilikuwa nzuri. Lakini alimtazama mtoto wake pale vumbini.

"Nimeinuka," alisema.

Winfrida alikwenda akaegemeza kichwa kwenye kifua chake, akalia upya, kilio kingine. Hakuna aliyemsindikiza katika hicho.

"Na dhahabu?" Heche aliuliza baadaye, gunia likiwa bado kwapani.

"Dhahabu gani, mura?"

Ilichukua muda kueleweshana, na chai yote, na maandazi yote ya Philomena, ambayo siku ile yalinunuliwa hadi la mwisho. Filemoni alivua koti. Vijana wa sururu waliomba waonyeshwe bomba, wakaingia wawili wawili kwa ruhusa ya mwenyewe. Winfrida alilala usiku mmoja, akarudi Mugumu na siagi, peke yake.

*

Jumatatu asubuhi watoto walipokwenda shule Mokami alikuja kufagia sebule. Alifika karibu na mlango wa chumba akasimama, kwa mazoea, akingoja. Kitanda kililia. Pumzi ikavutwa. Alikaza mkono kwenye ufagio, mguu mmoja tayari kumkimbilia Heche.

Kikohozi kikasikika kwa juu, pale kinapotokea kikohozi cha mtu aliyesimama.

Mokami alipisha. Fimbo ilipita nyuma yake hadi mlango wa nje, ikasimama hapo.

"Mokami."

"Naam, baba."

"Wageni wakija wakiuliza habari ya sakafu. Na pale dirishani."

"Nitawaambia yote ni sawasawa, baba. Ngumu kote."

"Ee."

Alisimama kidogo, kama mtu ambaye bado ana neno na halijui mlango wake.

"Na wewe," alisema mzee Nchagwa akiwa ameutazama ua, "wewe ni mtoto wangu." Kisha akashuka barazani kwenda kuwafungulia ng'ombe, na Mokami akafagia sebule ile mara ya pili, kwa kuwa mara ya kwanza hakuona vizuri.